Kuifuata minara ya nje: Sevilla, Cáceres na Badajoz kwa siku sita

Siku ya 1: Triana, ng'ambo ya mto

Usianzie mnarani. Anzia ng'ambo, katika barabara ya Calle Betis upande wa Triana, kwa sababu Torre del Oro, yaani Mnara wa Dhahabu wa mji wa Sevilla, Hispania, ilijengwa ili ionwe na aliye majini. Ukisimama chini yake huoni ila ukuta. Kutoka ng'ambo unaona vipande vitatu vilivyopandana: pipa nene la chini lenye pande kumi na mbili, pipa jembamba la pili juu yake, na kichwa cha mviringo chenye kuba la rangi ya dhahabu. Kutoka chini hadi juu ni mita zaidi ya 36 kidogo.

Vipande hivyo ni vya nyakati tatu tofauti. Pipa la chini ndilo mnara wenyewe. Liliamriwa na Abu al-Ula, liwali wa Sevilla chini ya dola ya Kiislamu ya Wamuwahidi, wale ambao Wahispania huwaita Almohad, na ujenzi ukafanyika mwaka 1220 hadi 1221. Pipa la pili hunasibishwa na enzi ya Mfalme Pedro I, karne ya 14. Kichwa cha juu ni cha mwaka 1760, kazi ya mhandisi wa kijeshi Sebastián Van der Borcht, miaka mitano baada ya tetemeko kubwa la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755 kuutikisa mji. Kwa hiyo lile kuba linalopamba kadi zote za posta, hakuna Mwislamu hata mmoja wa Sevilla ya zamani aliyepata kuliona.

Jina la Kiarabu lilikuwa Burj al-dhahab, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Kwa muda mrefu watu walisema mnara ulivikwa vigae vya dhahabu. Wengine wakadai dhahabu iliyoletwa kutoka Amerika ndiyo iliyoupa jina, ingawa jina lina umri mkubwa kuliko safari za huko. Ukarabati wa mwaka 2005 ulileta jibu la kifundi zaidi: lipu ya chokaa iliyochanganywa na majani makavu yaliyokandamizwa. Unjano wa majani ndani ya weupe wa chokaa, jua la jioni likiupiga kutoka magharibi, ulitosha kuufanya mnara uwake juu ya maji.

Hilo linakupa saa ya kwenda. Mnara uko ukingo wa mashariki, kwa hiyo uso wake wa mtoni hupata jua alasiri na jioni; asubuhi unaonekana mweusi dhidi ya mwanga. Mtu wa kwetu aliyezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu hujidanganya hapa. Mwezi wa Juni Sevilla jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, na mwanga mzuri ni ule wa saa mbili kuendelea. Julai na Agosti mchana joto huweza kupita nyuzi 40. Kuzunguka kuta saa tisa alasiri ni kujitafutia maradhi.

Kabla ya kuondoka ukingoni, yatazame maji. Hayaendi kokote. Mto Guadalquivir wenyewe ulihamishiwa upande wa magharibi katika karne ya 20, na mkondo huu wa mjini umebaki kuwa bwawa la bandari, limefungwa kwa lango la maji upande wa chini. Katika karne ya 13 hali ilikuwa nyingine kabisa: maji ya bahari yalijaa na kupwa mpaka hapa mjini, ingawa bahari iko mbali, na merikebu zilipanda na maji. Anayeuhukumu mnara kwa utulivu wa bwawa la leo hataelewa ulikuwa unalinda nini.

Ulikuwa unalinda bandari na daraja. Daraja lenyewe lilikuwa juu kidogo, karibu na lilipo leo daraja la Isabel II, ambalo wenyeji huliita daraja la Triana. Lilikuwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja kwa minyororo, lililowekwa mwaka 1171 na Khalifa Abu Yaqub Yusuf. Kupitia hapo mji ulipata chakula na mafuta ya mizeituni kutoka vilima vya Aljarafe. Mfalme Mkristo Fernando III wa Castilla alipouzingira mji, aligundua kwamba kuta hazivunjiki lakini tumbo la mji liko kwenye hayo mashua. Tarehe 3 Mei 1248 Ramón Bonifaz, mkuu wa merikebu za Fernando, alizipandisha merikebu mbili nzito kwa upepo. Ya kwanza ililigonga daraja lisikatike. Ya pili, aliyokuwamo mwenyewe, ikapita. Mji ulisalimu amri tarehe 23 Novemba mwaka huohuo, zaidi ya miezi sita baadaye, kwa njaa.

Hapa pana kosa linalorudiwa na karibu kila kiongozi wa watalii: kwamba Bonifaz alikata mnyororo uliofungwa kutoka Torre del Oro hadi ng'ambo. Huenda mnyororo wa namna hiyo ulikuwepo, na mahali panafaa. Lakini masimulizi ya vita yanazungumzia daraja na minyororo yake, karibu kilomita moja juu ya mnara. Vitu viwili vimeyeyushwa kuwa kimoja, na nembo ya mji wa Santander imesaidia: humo zimo merikebu, mnara na mnyororo uliokatika, vyote kwenye ngao moja.

Siku ya 2: Ndani ya mnara

Ndani pana jumba la makumbusho ya jeshi la majini tangu mwaka 1944: mifano ya merikebu, ramani, vyombo vya kupimia njia baharini. Ni vitu vizuri, ila vinakufanya utazame ukutani wakati jambo kubwa liko juu ya kichwa chako. Inua macho utazame dari.

Chukua karatasi na rula. Chora pembesita yenye pande sawa. Juu ya kila upande wake chora mraba wa upande uleule, ukielekea nje. Kati ya kila miraba miwili jirani panabaki pengo, na pengo hilo ni pembetatu yenye pande sawa kamili, si zaidi si pungufu. Unganisha ncha za nje: umepata umbo la pande kumi na mbili zilizo sawa. Huo ndio mnara. Katikati pembesita yenye ngazi, kuizunguka dari za matao, moja ya mraba, moja ya pembetatu, moja ya mraba, moja ya pembetatu, mpaka duara linajifunga. Mafundi hawakuchagua pande kumi na mbili kwa mapambo. Walichagua umbo ambalo ndani yake hakuna kipande kinachobaki bila mahali.

Hesabu nayo inakaa. Upana wa mnara chini ni kama mita 15. Kwa umbo hili, upana ukigawanywa kwa 3.73 unapata urefu wa upande mmoja, yaani mita 4 na chembe. Tembea nje ukihesabu hatua kwenye upande mmoja, utaona.

Faida ya kijeshi iko kwenye pembe. Mnara wa mraba una pembe nne kali, na mbele ya kila pembe pana eneo ambalo mpiga upinde aliye juu halifikii vizuri. Hapo ndipo adui huja na sururu kuchimba msingi. Pembe ikiwa butu, eneo hilo linakuwa dogo, na jiwe la pembeni haling'oki kirahisi kwa sababu majirani zake wanalibana. Mnara wa duara unamaliza tatizo hilo kabisa, ila ni mgumu kuujenga kwa udongo wa kushindilia, maana mbao za boksi ambamo udongo hushindiliwa ni nyoofu. Pande kumi na mbili ni mapatano kati ya mpiga upinde na seremala. Na ndiyo maana pembe za chini zimejengwa kwa mawe ya kuchonga huku katikati ya kila upande ni udongo uliochanganywa na chokaa: jiwe limewekwa palipo na hatari.

Panda hadi paa la pipa la kwanza. Pipa la pili linasimama katikati, juu ya kile kiini cha ngazi, kwa hiyo uzito wake haulali kwenye kuta za nje. Huenda hilo limeusaidia mnara katika mitetemeko. Meno ya ukuta yanayouzunguka ukingo yamekarabatiwa mara nyingi; usiyasome kama ya mwaka 1221.

Baada ya 1248 mnara ulipata kazi nyingine: kanisa dogo la Mtakatifu Isidoro, gereza, ofisi za bandari. Mnara usio na kazi huvunjwa mawe yake yakajengee mabanda. Huu ulinusurika mara mbili kwa taabu. Baada ya tetemeko la 1755 palitolewa pendekezo ubomolewe ili njia ya magari ya farasi ipanuke. Watu wa mji wakapeleka malalamiko kwa mfalme. Kisha katika mapinduzi ya mwaka 1868, wakati kuta za mji zilipokuwa zikiangushwa moja baada ya nyingine kwa jina la maendeleo, uliwekwa katika orodha ya vifaa vya kuuza, na wenyeji wakakataa tena. Mwaka 1931 ulitangazwa kuwa urithi wa kihistoria, mjadala ukaisha.

Siku ya 3: Mkono uliokatwa

Siku hii ni ya kutembea kidogo na kufikiri sana. Simama mnarani ukiupa mto mgongo, utazame mjini. Mbele yako ni barabara kubwa, Paseo de Cristóbal Colón, magari hayakomi. Barabara hiyo ndiyo inayoficha siri ya mnara, kwa sababu Torre del Oro haikuwa mnara wa peke yake. Ilikuwa kidole cha mwisho cha mkono.

Mkono wenyewe ni ukuta uliotoka kwenye kasri, yaani Alcázar, ukashuka kuelekea mtoni. Ukivuka barabara na kuingia Calle Santander, dakika mbili tatu hivi, unakutana na Torre de la Plata, Mnara wa Fedha, wenye pande nane, umebanwa na majengo kama mzee aliyepewa kiti kwenye kona. Endelea kupanda hadi Avenida de la Constitución, na kwenye kona ya Calle Santo Tomás pana mnara wa tatu, Abd el Aziz, wenye pande sita. Kumi na mbili, nane, sita: kadiri unavyokaribia maji ndivyo pande zinavyoongezeka. Kipande cha ukuta kati ya Dhahabu na Fedha kilibomolewa mwaka 1821. Tangu hapo Torre del Oro inaonekana kama kitu kilichosahaulika ukingoni.

Mnara wa aina hii Wahispania huuita albarrana. Neno ni la Kiarabu, al-barrani, wa nje. Shina lake ni barr, nchi kavu, lilelile lililotupa sisi neno bara. Kwa hiyo ni mnara wa bara, uliotolewa nje ya ukuta ukaunganishwa nao kwa kikuta au kwa daraja la juu.

Kwa nini ujisumbue kuuweka nje? Mpiga upinde aliye juu ya ukuta ulionyooka hawezi kumpiga adui aliyejibanza chini ya ukuta huohuo bila kujitokeza nusu mwili. Mnara uliotokeza mita mbili tatu unamwezesha kupiga kwa ubavu. Mnara uliotoka mita kumi au zaidi unamwezesha kumpiga adui mgongoni. Mkono uliofika mtoni unafanya na kazi nyingine: unakata ukingo, adui asiweze kupita kati ya ukuta na maji, na walio ndani wapate maji bila kutoka. Na mnara ukitekwa, mkono hukatwa. Daraja likiwa la mbao huondolewa au kuchomwa, mshindi akabaki amekaa juu ya nguzo akiwa hana pa kwenda.

Hasara zake ni wazi pia. Ni ghali, kwa sababu unajenga ukuta wenye nyuso mbili. Mkono huhitaji meno ya kujikinga kushoto na kulia, maana adui anaweza kuja upande wowote. Askari waliomo hutegemea njia moja nyembamba kwa chakula na mishale. Mizinga ilipokuja karne ya 15 urefu ukawa mzigo: mnara mrefu ukipigwa katikati huanguka juu ya watu wake.

Kabla ya kumaliza siku, tembea hadi Calle Temprado kwenye Atarazanas, karakana za merikebu ambazo Alfonso X, mwana wa Fernando, alizijenga mwaka 1252 zikiwa na kumbi 17. Zilijengwa ndani ya kivuli cha mkono huu. Mshindi alikuwa mwepesi kuelewa alichokiteka.

Na kwa wanaomkumbuka msafiri Ibn Battuta: aliyefika Kilwa mwaka 1331 alifika pia Andalusia, mwaka 1350. Sevilla hakuingia. Ilikuwa mikononi mwa Castilla kwa zaidi ya karne. Alipitia Ronda, Marbella, Málaga na Granada, sehemu zilizobaki kwa Waislamu.

Siku ya 4: Macarena, ukuta kwa karibu

Kutoka Torre del Oro hadi Macarena ni kama kilomita tatu kuvuka mji mkongwe. Hapa pamebaki kipande kirefu kuliko vyote vya ukuta wa Sevilla, kama nusu kilomita, kutoka Puerta de la Macarena hadi Puerta de Córdoba. Ukuta mzima ulikuwa na mzingo wa kilomita zaidi ya sita. Kipande hiki kina minara ya mraba na mmoja wa pande nyingi, Torre Blanca, na mbele yake ukuta mfupi wa kwanza ambao adui alipaswa kuuvuka huku akipigwa kutoka juu.

Sogea mpaka pua iguse. Utaona mistari ya ulalo, mmoja kila sentimita 80 hadi 90, na juu ya kila mstari safu ya matundu madogo. Huo ndio mwandiko wa fundi. Ukuta huu hauna tofali ndani yake wala si udongo wa kukandika kwenye fito kama nyumba zetu za shamba. Ni udongo ulioshindiliwa ndani ya boksi la mbao, Wahispania huuita tapia.

Kazi ilikwenda hivi. Vijiti vya mbao hulazwa kupitiliza unene wa ukuta. Juu yake husimamishwa mbao pande mbili, zikafungwa kwa kamba na mihimili ya wima. Ndani humwagwa mchanganyiko wa udongo, mchanga, kokoto na chokaa, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likibaki kama sentimita 10 hadi 15 baada ya kushindiliwa kwa mchi mzito wa mbao. Dhidi ya ubao wenyewe hupakwa chokaa zaidi, ili uso wa nje uwe gamba gumu na moyo uwe na udongo mwingi. Boksi likijaa hufunguliwa siku hiyohiyo au kesho yake, vijiti huchomolewa au kukatwa, na matundu hubaki. Boksi huhamishiwa mbele, kisha juu, viungo vikipishana kama vya matofali ili ufa usipate njia moja ya kushuka.

Kiasi cha maji ndicho kinachoamua. Chukua mchanganyiko mkononi, ukaze ngumi: ukishikamana bila kulowesha kiganja, uko sawa. Ukiwa na maji mengi, mchi unauchota pembeni badala ya kuubana, na ukikauka unasinyaa na kupasuka wima. Ukiwa mkavu, tabaka haziungani. Baada ya miaka unaona ukuta unamomonyoka kwa mistari myembamba kama kurasa za kitabu kilicholoa. Pale Macarena aina zote mbili zipo, tafuta.

Juu ya viungo Wamuwahidi walipiga bendi za lipu ya chokaa, za ulalo na za wima, kuigiza mawe makubwa ya kuchongwa. Kwa mbali adui aliona ukuta wa mawe. Ujanja huo ulikuwa pia kinga, kwa sababu kiungo ndipo mvua inapoingilia.

Ukuta wa namna hii huanza kufa kichwani na miguuni. Juu, mvua hupenya meno yakivunjika. Chini, unyevu wa ardhi hupanda ukibeba chumvi. Maji yakikauka usoni, chumvi huganda ndani ya vinyweleo na kusukuma gamba nje. Mtu mwenye haraka huja na saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta na haipumui. Unyevu unakwama nyuma yake, chumvi inajikusanya, na siku kiraka kikidondoka kinaondoka na sentimita kadhaa za ukuta wa karne ya 12. Yeyote aliyeona lipu ya saruji ikibanduka kwenye nyumba za matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar ameshaliona jambo hilihili. Dawa ni ileile pande zote mbili za bara: chokaa juu ya chokaa, na subira, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa hewa.

Siku ya 5: Sevilla hadi Cáceres

Basi huondoka kituo cha Plaza de Armas, na barabara ya A-66 huelekea kaskazini kupitia Mérida. Ni kama kilomita 265. Tenga muda wa saa tatu na nusu hadi nne. Ukifika mchana, weka mzigo na upumzike mpaka kumi na moja jioni.

Cáceres ni mahali pa kuona kilichokatwa Sevilla. Wamuwahidi waliuzungushia mji ukuta wa udongo wa kushindilia, mahali pengine juu ya misingi ya mawe ya Kirumi, na mbele ya ukuta wakapanda minara ya nje mmoja baada ya mwingine. Alfonso IX wa León aliuteka mwaka 1229. Minara ya Wamuwahidi ikabaki, na baadaye mabwana wa mji wakajenga yao ndani, wakipigana wao kwa wao mpaka Malkia Isabel akaamuru minara hiyo ya majumbani ikatwe vichwa. Kwa hiyo ukiona mnara mfupi usio na meno katikati ya mji, huo ni wa bwana aliyeadhibiwa, usiuchanganye na ile ya ukutani.

Anza kwenye uwanja wa Plaza Mayor. Torre de Bujaco, mraba, mita kama 25, umejengwa kwa mawe mengi ya Kirumi yaliyotumika upya. Jina lake watu hulitafsiri kuwa ni Abu Yaqub lililopondeka mdomoni. Jirani yake ni Arco de la Estrella, tao la karne ya 18 lililopindishwa makusudi ili magari ya farasi yakate kona. Wengi huishia hapo na picha. Wewe fuata ukuta kuelekea kusini mpaka Torre del Horno. Huo ni wa udongo mtupu wa kushindilia, umesimama mbele ya ukuta, na pengo kati yake na ukuta liko wazi kabisa chini. Simama ndani ya pengo. Hapo ndipo utaelewa kwa mwili kwamba adui aliyefika chini ya ukuta alikuwa na mishale mbele na nyuma.

Upande wa mashariki, ng'ambo ya mtaa wa zamani wa Wayahudi, yuko ndugu wa Torre del Oro: Torre de los Pozos, Mnara wa Visima, uliosukumwa nje kuelekea bonde lenye maji. Mji wa kilimani, hofu yake ya kwanza ni kiu. Ndani ya mji walikuwa na birika la mvua, lililopo mpaka leo chini ya Palacio de las Veletas, ndani ya jumba la makumbusho: matao 16 ya umbo la kiatu cha farasi juu ya nguzo za zamani, na maji bado yamo. Birika kwa mwaka wa kawaida, mnara wa visima kwa mwaka wa vita.

Siku ya 6: Badajoz, mnara wa mwanzo

Kutoka Cáceres hadi Badajoz ni kama kilomita 90 kuelekea kusini-magharibi. Mji ulianzishwa mwaka 875 na Ibn Marwan, na ngome yake, Alcazaba, iko juu ya kilima kando ya mto Guadiana. Mwaka 1169 Abu Yaqub Yusuf aliijenga upya, ndiye yuleyule aliyeweka daraja la mashua Sevilla miaka miwili baadaye.

Ingia kwa Puerta del Capitel, uitwao hivyo kwa ajili ya kichwa cha nguzo ya Kirumi kilichopachikwa juu ya tao. Njia inapinda mara moja ndani ya lango. Anayeingia mbio hugonga ukuta, hupunguza mwendo, na ubavu wake huwa wazi kwa walio juu. Gogo la kuvunjia milango halina nafasi ya kupata kasi.

Zunguka hadi upande wa Plaza Alta. Huko juu pana Torre de Espantaperros, mnara wa pande nane, kama mita 30, mkubwa kwa umri kuliko Torre del Oro kwa nusu karne, na ndio unaotajwa kuwa kielelezo chake. Jina maana yake ni kitisha-mbwa. Wenyeji husema kengele yake iliwatia mbwa kichaa. Kibanda cha matofali kilicho juu kabisa kiliongezwa baada ya Waislamu kuondoka, na mtaalamu huutambua umri wake kwa matofali hayo, kwa sababu mwili wa mnara ni udongo na chokaa. Tafuta tena mistari ya sentimita 80 na yale matundu. Yapo.

Sasa fanya kile ambacho Sevilla hakiwezekani tangu 1821. Weka mgongo kwenye mnara, geukia ngome, na ufuate kwa macho ukuta unaoviunganisha, kutoka ubavu wa mnara hadi ukuta mkuu. Hakuna barabara iliyoukata. Pima kwa hatua ukiwa chini, kisha panda juu ya ngome na utazame kutoka upande wa pili saa za asubuhi, kabla mawe hayajapata moto na kabla kivuli cha mnara hakijaondoka juu ya uwanja.